Nilikaribisha Maswali, Wakaja Wenye Maswali

Leo nimeaibika. Si ile aibu ya kujikwaa barabarani ukainuka ukajifanya unatafuta kitu kilichoanguka. Hii ni aibu ya mbele ya watu wazima, na wengine wao wanamjua mama yangu. Naandika haya nikiwa stoo ya ofisi, nimekalia gunia la chumvi ya ng'ombe, na mlango nimeufunga kwa ndani. Huko nje wanaendelea kunywa chai, na kila mara namsikia mtu akiangua kicheko. (Najua ni mimi. Hakuna kitu kingine cha kuchekesha Eldoret nzima leo.)

Wacha nianzie asubuhi, maana asubuhi nilikuwa bado mtu wa heshima zangu.

Kwa wasionijua vizuri, mimi ni Chebet, na nafanya kazi kwa ofisi ya chama cha ushirika cha wafugaji wa maziwa. Tuko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Kazi yangu ni kuandika barua na kupokea simu, kwa mkataba mfupi, na mkataba wenyewe unaisha wiki hii. Leo ndiyo siku ambayo meneja wetu, Madam Lagat, alikuwa akutane na mwenyekiti wa chama waamue kama nitaandikwa kazi ya kudumu au nitaenda nyumbani nikamsaidie mama kuchuma mboga.

Na mama ndiye shida. Mama ameshatangaza kanisani ati nimeandikwa. Sadaka ya shukrani imepangwa Jumapili hii, na kuna kondoo ameshachaguliwa. Nilijaribu kumweleza. "Mama, sijaandikwa. Naandika tu." Akaniambia nisimletee mambo ya herufi. (Huyo kondoo yuko nyuma ya nyumba yetu Kapsoya, anakula nyasi bila wasiwasi. Nikiandikwa, yeye amekwisha. Nikikosa, nimekwisha mimi.)

Kwa hivyo mjue nilifika ofisini leo nikiwa katika hali gani. Nilifika kabla ya mlinzi kufungua. Nilipanga kalamu. Nikazipangua. Nikapanguza kompyuta ambayo niliipanguza jana. Madam alipoingia nilisimama kama mtoto wa shule, sijui hata kwa nini.

"Chebet," akasema, "kuanzia Jumatatu lori ya maziwa itakuwa inapita vituoni mapema, kabla jua halijatoka. Waandikie viongozi wa vituo. Kiswahili kizuri, mwenyekiti ataisoma. Waeleze sababu. Na mwisho ukaribishe maswali, kwa heshima. Hao ni watu wazima."

"Sawa, Madam."

"Na leo sitaki kelele. Niko na mwenyekiti huko ndani."

Mwenyekiti wetu ni mwalimu mkuu mstaafu. Yeye husoma imeili akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Ataichora wapi, sijui, lakini anaishika. Halafu kuna hilo jambo la lori. Mara ya mwisho saa za lori zilipobadilishwa, wafugaji walipiga simu wakifoka siku nzima mpaka nikaota simu inalia nikiwa kanisani. Ukimwambia mtu aamke akame ng'ombe kabla ya jogoo, lazima umwambie polepole. Kwa ufupi, hiyo imeili ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Nikaandika. Haki ya nani, niliandika. Nilieleza kwamba jua likishachomoza maziwa yanaharibika njiani, na lita nyingi zinarudishwa, na hasara ni ya mfugaji mwenyewe. Nilisema pole pale pa kusema pole. Nikaweka nukta na mkato kila mahali panapostahili. Nikafika mwisho, kwa ule mstari wa kukaribisha maswali. Nikakwama.

Nilianza na "Mkiwa na swali, ulizeni." Nikaisoma. Nikamsikia mwalimu wangu wa hesabu. Yule alikuwa anamaliza kufundisha, anageuka, anauliza, "Kuna mwenye swali?" na kiboko kiko mkononi. Hakuna mtu aliwahi kuwa na swali. Nikafuta.

Nikaandika "Msisite kuwasiliana nami." Hapo nikamwita Ouma. Ouma ni mwenzangu anayeshika hesabu za ofisi, meza yake inatazamana na yangu, na ana maoni kuhusu kila kitu kutoka Ziwa Victoria mpaka hapa.

"Msisite?" akasema. "Unamwambia mzee wa watu asisite? Hiyo ni amri, Chebet. Huyo mzee amesita maisha yake yote na hakuna mtu amemuuliza."

"Lakini kila mtu huandika hivyo."

"Kila mtu hajangoja kuandikwa leo."

Hilo lilinichoma, maana ni kweli. Nikafuta. Nikaandika "Jisikieni huru kuuliza." Ouma akauliza kwani walikuwa wamefungwa. Nikafuta. Nikaandika "Naomba maswali yenu." Ouma akasema sasa naomba maswali, kesho nitaomba na majibu. Nikafuta. Nikaandika "Maswali yote yaelekezwe kwa aliyetia sahihi hapa chini," nikaona kama nawaita watu kwa chifu. Nikafuta hiyo pia, kwa hasira.

Sasa nilikuwa nimesimama. Siwezi kufikiri nikiwa nimekaa. Nikatembea kutoka dirishani mpaka kwenye kabati, kutoka kabatini mpaka dirishani, nikinung'unika, "Usisite, asisite, msisite, wasisite." Msichana wa duka la dawa alipanda kuleta risiti, akanisikia, akaiweka mlangoni na kushuka.

"Sikiza," Ouma akasema. Alikuwa anajitengenezea chai, na nilimwona kwa macho yangu akimalizia ile pakiti ya mwisho ya maziwa ya ofisi. "Watu wetu huwezi kuwaambia waulize. Wakaribishe. Neno karibu halijawahi kumkosea mtu heshima tangu dunia iumbwe."

Wadau, hapo ndipo nilipotea. Kwa sababu ilisikika vizuri. Nikakaa nikaandika:

"Mkiwa na swali lolote, karibuni sana ofisini wakati wowote. Mtapokelewa kwa furaha."

Nilipoisoma nilisikia joto kifuani. Ina upole. Ina ukarimu. Ni kama kumsikia mama akimwita jirani. Nikatuma kwa viongozi wa vituo vyote, nakala kwa Madam na mwenyekiti. Kisha nikaanza kuifungua tena kule kwa zilizotumwa kuona kama imebadilika. Nikaifunga. Nikaifungua. "Itabaki hivyo hivyo," Ouma akaniambia, "hata ukiiangalia mpaka jioni."

Simu haikulia hata mara moja. Hiyo ndiyo ilinitia wasiwasi. Mtu aliyezoea kufokewa, akikosa kufokewa, moyo hautulii. Nikaenda chooni bila haja. Nikarudi. Nikaangalia mlango wa Madam. Nikasikia mwenyekiti akikohoa huko ndani, nikajiuliza kama ni kikohozi cha ndiyo au cha hapana.

Kisha nikasikia miguu kwa ngazi. Miguu mingi. Miguu ya gambuti.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Sitienei, kiongozi wa kituo kimoja upande wa Kapseret. Amevaa koti la Jumapili. Kofia mkononi. Nyuma yake akaja Mama Tabitha wa kutoka Burnt Forest, ambaye alikuwa mjini tayari kuleta viazi na chupa kubwa ya maziwa ya kumpelekea dada yake. Na nyuma ya Mama Tabitha wakaja wengine, na wengine, mpaka viti vikaisha na vijana wakaegemea kabati.

"Chamgei," Mzee akasalimu, akanipa mkono, na kila mtu akanipa mkono, hakuna aliyerukwa. "Tumekuja."

"Karibuni, Mzee," nikasema. (Tena. Nikarudia lile neno tena, kwa mdomo wangu.)

"Ndiyo, tuliona," akasema. Wakakaa. Wakatulia. Wakanitazama. Wakamtazama Ouma. Wakaitazama birika.

Nikasubiri swali. Hakuna swali. Wakaulizana habari za mvua. Wakaulizana habari za mahindi. Mama Tabitha akasifu pazia. Hapo ndipo nikaelewa. Mtu ameambiwa karibuni sana. Ameambiwa atapokelewa kwa furaha. Mtu kama huyo hawezi kuanza na swali kama askari. Swali linakuja baada ya chai. Na mimi sina maziwa.

Hebu fikirieni hilo. Ofisi ya maziwa. Watu wote hawa wamekama leo asubuhi. Hata kijiko cha maziwa hakuna.

Nilimwangalia Ouma. Ouma akaangalia kikombe chake, kikiwa kitupu, akakigeuza juu chini.

Nikafanya nilichoweza. Nikapika chai ya strungi, isiyo na maziwa, nikaweka tangawizi kidogo na sukari nyingi, nikawapa watu wazima kwa mikono miwili, nikiomba Mungu tangawizi ifunike makosa. Mama Tabitha akakitazama kikombe. Akakiinua kwa mwanga wa dirisha.

"Nani ni mgonjwa hapa?" akauliza.

"Hakuna mgonjwa, mama."

"Mimi hupewa hii tumbo likiniuma."

Mzee Sitienei alikunywa kidogo, kwa adabu, akaweka kikombe chini taratibu. "Sasa mimi nina swali," akasema. "Maziwa yetu huwa mnapeleka wapi?"

Ofisi nzima ikacheka. Mimi nikacheka pia, lakini yangu ilikuwa karibu na kilio. Nikaanza kueleza ati yameisha tu asubuhi hii, ati kuna mtu, ati kawaida yapo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mwizi. Mama Tabitha hakungoja nimalize. Aliinuka, akajifunga leso kiunoni, akachukua ile chupa ya dada yake, akamwaga strungi yangu yote kwenye sinki, akapika chai upya. Wageni wangu walipikiana chai kwa ofisi yangu. (Mama akisikia hili, kondoo atapona na mimi nitachinjwa.)

Harufu ya chai ya maziwa ikajaa. Watu wakachangamka. Sasa maswali yakaanza kutoka.

"Ng'ombe wangu anakula, ananenepa, na maziwa hatoi," Mama Tabitha akasema. "Kwa nini?"

"Mama, hiyo labda tumuulize daktari wa mifugo..."

"Si mmeandika swali lolote?"

Baba mmoja akataka kujua kwa nini kijana wake amemaliza chuo na hakuna kazi. (Baba, nilitaka kumwambia, kaa hapa kidogo utaona inavyokosekana.) Mwingine akauliza kama ni kweli simu inaweza kukusikiliza ukiwa umeizima. Nikajaribu kuwarudisha kwa jambo letu. "Na lori? Kuna swali kuhusu lori?"

Wakatazamana.

"Lori tulielewa," Mzee akasema. "Uliandika vizuri. Maziwa yanaharibika na jua. Tutaamka."

Nilikuwa sijapata hata nafasi ya kufurahia maneno hayo, maana mlango wa ndani ulifunguka. Madam Lagat alitoka. Nyuma yake mwenyekiti, na kalamu nyekundu. Madam aliangalia koti la Mzee, leso ya Mama Tabitha, vijana kwenye kabati, vikombe juu ya kompyuta yangu. Akaniangalia mimi.

"Chebet. Nani ameita hawa watu?"

Mzee Sitienei akanijibia. Akatoa simu, akainyoosha mbali na macho kama watu wa umri wake wanavyofanya, akasoma kwa sauti ya kusoma Biblia: "Mkiwa na swali lolote, karibuni sana ofisini wakati wowote. Mtapokelewa kwa furaha." Akarudisha simu mfukoni. "Na tumepokelewa," akaongeza. "Chai tumejipikia, lakini tumepokelewa."

Madam akanisogelea. Akanong'ona, na kunong'ona kwake husikika mpaka kule dukani chini. "Nilikuambia ukaribishe maswali. Sikukuambia ukaribishe wenye maswali."

"Kiswahili chenyewe hakina kosa," mwenyekiti akasema.

"Kosa haliko kwa Kiswahili, Mwenyekiti."

Nilitaka kuomba msamaha. Nilikuwa na maneno tayari. Lakini Mzee Sitienei aliinua mkono, polepole, kama mtu aliye kanisani.

"Mimi bado nina langu," akasema. "Ni dogo."

Madam akamwonyesha kwa mkono aendelee. Angefanya nini? Mtu alikaribishwa.

"Wewe msichana, mama yako si ni yule wa kwaya, wa Kapsoya?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nilijua. Mnafanana kwa sauti." "Umeolewa?"

Watu wakaacha kunywa. Nikamtazama Madam, nikamtazama mwenyekiti, nikatafuta huruma kwa Ouma, nikamkuta amejificha nyuma ya kompyuta yake, mabega yanatikisika.

"Mzee, hilo..."

"Si ni swali lolote?" akasema, kwa upole kabisa. "Hili pia ni lolote."

"Bado, Mzee," nikasema. Ningesema nini?

"Ah. Basi mimi niko na kijana. Ni mwalimu wa sayansi. Pombe hajui. Ana ng'ombe zake mwenyewe na anazikama mwenyewe. Je, kuna ubaya yeye pia akija kuuliza?"

Sasa naomba mnielewe. Tangu asubuhi kichwa changu kilikuwa na mstari mmoja tu. Niliuandika, nikaufuta, nikaunung'unika dirishani, nikaunung'unika kabatini. Mtu mzima ananiuliza, bosi ananitazama, mwenyekiti ameshika kalamu, mkataba unaisha wiki hii. Nilitaka tu kuwa na adabu. Nilitaka tu kujibu kiofisi. Nikasimama wima, nikashika mikono mbele, nikasema kwa sauti iliyo wazi:

"Hakuna shida, Mzee. Akiwa na swali lolote, asisite kuwasiliana nami wakati wowote."

Mama Tabitha akapiga kigelegele, kile cha arusi, kirefu, mpaka mlinzi akapanda ngazi kuona kuna nini. Vijana wa kabatini wakagonganisha viganja. Ouma alianguka kutoka kitini, sijui kama ni kwa kicheko au ni Mungu aliyenilipia yale maziwa. Mzee akatoa simu tena na kuniuliza namba yangu inaishia na ngapi. Madam alifumba macho.

Na mwenyekiti, akiwa hajacheka hata kidogo, akatikisa kichwa kukubali. "Sarufi ni sahihi," akasema.

Nikasema naenda kutafuta sukari. Ndivyo nilivyofika hapa stoo. Sukari huwa haikai stoo, na kila mtu anajua.

Nimekaa hapa nikimfikiria mama Jumapili, amesimama mbele ya kanisa na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Nimefikiria niandike imeili ya kuomba msamaha, nikaogopa kwa sababu ningelazimika kuimaliza. Nimelia kidogo. Chumvi haikosi hapa. Nimewasikia wakiagana mmoja mmoja, kwa mikono, bila haraka. Nimemsikia Mama Tabitha akimwambia Madam, "Hii ofisi sasa ina mtu." Sikusikia Madam alijibu nini, na masikio nilikuwa nimeyabandika mlangoni.

Kisha simu yangu ikatetemeka. Ni imeili ya Madam, nakala kwa mwenyekiti. Nawawekea hapa yote, maana ni fupi:

"Chebet. Hii ni mara ya kwanza lori inabadilishwa saa na hakuna mfugaji aliyefoka. Mwenyekiti amesema tusikuache. Umeandikwa, kuanzia Jumatatu. Ofisi iwe na maziwa. Ukiwa na swali lolote, kaa nalo."

Msicheke, tafadhali. Nina maswali mengi, na kuna namba nisiyoijua imeanza kunipigia. Nimekaa nayo yote, hapa hapa, juu ya gunia la chumvi.